Kusafisha jointi za sakafu ya zege kwa mashine ya kusukuma bila kuumia wala kuharibu sakafu: mwongozo kamili

Wakuu, hili swali la kwa nini kijazio cha jointi za sakafu (fila) kinabanduka halikauki na picha zake ni zilezile: jointi, yaani ule mfereji mwembamba uliokatwa kwenye zege, ilijazwa vizuri, miezi michache fila imebanduka inatoka nzima kama mkanda, kingo za zege zimemeguka na foklifti ikipita inadunda. Halafu fundi anasema fila ilikuwa feki. Mara nyingi fila haina kosa, jointi haikusafishwa.

Wengi wanakosea kwa sababu wanaifanya kama kazi ya kukata zege, na siyo. Jointi ilishakatwa zamani. Unachotafuta wewe ni kukwangua kuta zake mbili mpaka zege safi lionekane, basi, na kina kibaki kilekile. Ukilishika hilo tu hata usalama unakuwa rahisi, maana hutakuwa na haja ya kuzamisha bledi wala kuilazimisha mashine.

Naandika nikifikiria sakafu za huku kwetu Dodoma, maghala ya Kizota, ya mahindi Kibaigwa, viwanda vidogo vya kukamua alizeti. Kama una gereji au duka, hatua ni zilezile.

## Vifaa, kusanya vyote kabla ya kuwasha chochote

- Mashine ya kukata zege ya kusukuma. Nyingi mtaani zina injini ya petroli ya aina ya GX390 au kopi yake, inatosha kabisa kwa kazi hii.
- Bledi ya almasi yenye unene unaozidi jointi kidogo (maelezo hatua ya 4). Usije na diski ya kukatia chuma wala ile ya mawe iliyogandishwa, zile zinapasuka.
- Maji na pipa la akiba, AU vakyumu ya vumbi yenye filta ya HEPA (inayonasa vumbi laini kabisa) inayofungwa kwenye gadi ya mashine, yaani kifuniko cha bledi. Kimojawapo lazima kiwepo.
- Barakoa ya N95 au FFP2 kwenda juu. Ya kitambaa haizuii kitu.
- Miwani iliyoziba pembeni, vizibo vya masikio, buti zenye chuma mbele, glavu, suruali ndefu isiyopwaya. Kanga, tai, shati lililofunguka vifungo, hapana.
- Spana ya bledi, rula nyembamba ya chuma, uzi wa chaki, bisibisi bapa au kisu kigumu, ndoana ya waya, grainda ndogo yenye gadi.
- Tofali moja la bloku. Litatumika, subiri.
- Kizima moto cha poda, na mtu wa pili. Hii kazi haifanywi na mtu mmoja ghalani, hata kama ni fundi mkongwe.

Kama umeajiriwa, hivyo vya kujikinga si vya kujinunulia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri avitoe. Mwambie bosi kwa upole, ila mwambie.

## Hatua ya 1: Pima jointi kwanza

Ingiza rula kwenye jointi sehemu kadhaa, andika upana na kina. Jointi iliyokatwa kwa mashine kawaida kina chake ni kama robo ya unene wa sakafu, kwa hiyo sakafu ya milimita 150 utakuta kama 38 hivi. Kina hicho ndiyo mpaka wako.

Sababu: chini ya hapo kuna BRC (wavu wa chuma wa kuimarisha zege), na kwenye baadhi ya jointi kuna nondo za kuunganisha vipande viwili vya sakafu. Ukizikata umeharibu kitu ambacho hakirudi. Kuna na watu wanaopitisha paipu za umeme chini ya sakafu bila kumwambia mtu, kwa hiyo muulize mwenye jengo, na ukiona swichi au soketi ya sakafuni jirani, fuata paipu inaelekea wapi kabla ya kuendelea.

Piga alama ya chaki pale kingo zilipomeguka. Hapo bledi itarukaruka.

Umefanikiwa kama: una namba mbili kwenye karatasi, upana na kina, na unajua jointi ipi ina tatizo.

## Hatua ya 2: Tayarisha ghala, na hapa ndipo watu wanapoumia bila kutoa damu

Watu wanaogopa bledi. Sawa, iogope. Lakini kwenye kazi hii kuna vitu viwili visivyo na kelele ambavyo vinaweza kukumaliza kabla bledi haijakugusa.

Cha kwanza ni moshi wa injini. Petroli ikiungua inatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na ghala lililofungwa milango inajaa haraka sana. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na wengi wanadhani ni njaa au jua. Ukisikia hivyo zima, toka nje, kaa hewani, na mwenzako akizidiwa mpelekeni hospitali, msimlaze kivulini mkasubiri. Fungua milango ya pande mbili zinazotazamana ili upepo upite moja kwa moja, na kwa upepo wa Dodoma wa Juni mpaka Septemba hiyo siyo shida. Panga uanzie upande upepo unakoenda, ukirudi nyuma kuelekea unakotoka, ili sehemu unayohamia iwe na hewa safi. Chumba kidogo chenye mlango mmoja, usiingize injini ya petroli kabisa, tafuta mashine ya umeme.

Cha pili ni vumbi. Vumbi la zege lina silika, na chembe zinazoua ni zile usizoziona, zinashuka mpaka chini ya mapafu na hazitoki. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi, hauna tiba, na unafungua mlango kwa kifua kikuu. Ukikuta fundi anakata zege kavu huku kajifunga fulana puani, yule hajajikinga, kajipa moyo.

Kwa hiyo kata na maji, au kata kavu na vakyumu. Msimamo wangu: kama vakyumu ya kweli ipo, kata kavu, maana jointi inatakiwa iwe kavu wakati wa kujaza. Kama haipo, kata na maji na ukubali kusubiri ikauke. Kavu bila vakyumu haikubaliki hata nje, vumbi litamfuata mama anayeuza chapati getini. Na barakoa unavaa kwa njia zote mbili.

Hamisha magunia. Vumbi la zege kwenye mahindi ni hasara, tope la maji kwenye mahindi ni hasara nyingine. Kwenye viwanda vya alizeti fagia mashudu na maganda yote, kwa sababu bledi ikigusa waya inatoa cheche na mashudu makavu yanashika moto kirahisi.

Zuia njia kwa utepe. Mbele na nyuma ya mstari wa bledi asisimame mtu, hata mwenye ghala anayetaka kupiga picha.

Umefanikiwa kama: ukisimama katikati unahisi hewa inapita usoni, na hakuna gunia wala mtu kwenye njia ya mashine.

## Hatua ya 3: Toa fila ya zamani kwa mkono

Hatua hii inarukwa sana kwa sababu inachosha mgongo. Fila laini, yaani silikoni, lami au ile raba nyeusi, ikikutana na bledi ya moto inayeyuka na kujipaka kwenye meno. Baada ya mita chache bledi haikati tena, inasugua tu, na fundi anaanza kukandamiza mashine, na hapo ndipo ajali inapoanzia.

Chana kwa kisu pande zote mbili za fila, vuta kwa ndoana. Si lazima itoke yote, toa kubwa. Kwenye sakafu za kukamulia mafuta utakuta uchafu umeshikana na mafuta umekuwa mgumu, chokonoa kwa bisibisi, sugua kwa sabuni ya kuondoa mafuta, suuza. Usitumie petroli kusafishia mafuta! Mnalifanya hili halafu mnawasha injini juu yake.

Umefanikiwa kama: bisibisi bapa inapita ndani ya jointi bila kukwama kwenye kitu cha kunata.

## Hatua ya 4: Chagua na funga bledi

Bledi iwe nene kuliko jointi kwa kama milimita moja, ili ikwangue kuta zote mbili kwa pamoja. Jointi ya milimita 5, bledi ya 6. Ukiweka ya kawaida ya 3 kwenye jointi ya 5, itaelea katikati isiguse ukuta, au utapita mara mbili ukiibana upande mmoja upande mmoja, na bledi haikutengenezwa kubanwa ubavuni, inapinda. Kufunga bledi mbili nyembamba pamoja ili upate unene ni kucheza, isipokuwa mtengenezaji amesema zinafungwa hivyo.

Soma maandishi kwenye bledi, mambo matatu:

Moja, inakata kavu au na maji. Ya maji ukiikausha, joto linalegeza meno na jino likichomoka linaruka kwa kasi ambayo hutaki kuipima. Mbili, kasi ya juu iliyoandikwa iwe kubwa kuliko kasi ya shafti ya mashine yako. Tatu, imetengenezwa kwa zege gumu au laini. Kokoto za huku kwetu nyingi ni granaiti, kwa hiyo chukua ya zege gumu. Hiyo chuma kinachoshika almasi ni laini makusudi, kinalika ili almasi mpya zitokeze. Ukiweka ya zege laini kwenye granaiti itang'aa tu.

Sasa zima injini, toa waya wa plagi. Usiache, mashine inaweza kuzunguka ukivuta mkanda. Kagua bledi: nyufa, jino lililotoka, tundu lililotanuka, ikipinda hata kidogo tupa. Futa flenji (mabamba yanayobana bledi kwenye shafti), chembe moja ya mchanga hapo inafanya bledi iyumbe. Tundu likae sawasawa kwenye shafti, usijazie kwa bati la soda. Mshale wa bledi ufuate mzunguko wa shafti. Kaza nati, rudisha gadi. Gadi haitolewi "ili nione vizuri".

Umefanikiwa kama: ukiizungusha kwa mkono bledi haiyumbi na haigusi gadi.

## Hatua ya 5: Linganisha mshale wa mbele

Mashine ina mshale au kigurudumu mbele kinachoonyesha bledi inapita wapi. Ukinunua au ukikodi, chukulia kimepinda mpaka uhakikishe. Piga mstari wa chaki mita tatu hivi, weka bledi juu ya mstari huku injini imezimwa, weka mshale juu ya mstari, sukuma mpaka mwisho. Kama bledi imeacha mstari, rekebisha mshale au ekseli ya nyuma.

Ukidharau hili utakuwa unasokota mashine njia nzima ili kuirudisha kwenye jointi, na kila ukisokota bledi inabanwa ubavuni na kingo zinameguka.

## Hatua ya 6: Kagua injini, washa, iache izunguke

Oili kwanza, injini hii ni ya mipigo minne, oili haichanganywi na petroli. Angalia filta ya hewa, maana vumbi la Dodoma pamoja na la zege linaiziba mapema. Petroli jaza nje ya ghala, injini ikiwa imezimwa na imepoa.

(Mkiona mashine ina nguvu pungufu kuliko ilivyokuwa Dar msishangae, tuko kama mita 1,100 juu ya bahari na injini hizi zinapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300.)

Inua bledi juu kabisa ndipo uwashe. Baada ya kufunga bledi mpya iache izunguke hewani dakika moja, kasi kamili, nawe umesimama nyuma na pembeni ya mstari wake. Ikitetemeka au ikilia vibaya, zima.

Umefanikiwa kama: mlio ni mmoja mfululizo na mikono haifi ganzi ukishika vishikio.

## Hatua ya 7: Shusha bledi na ufuate jointi

Weka sifuri ya kina kabla: injini imezimwa, shusha mpaka bledi iguse tu sakafu, hapo ndipo sifuri, kisha panga kina ulichoandika hatua ya 1 au pungufu kidogo. Inua, washa.

Fungua maji, yatoke pande zote mbili za bledi, au washa vakyumu. Peleka injini kasi kamili, ndipo ushushe taratibu. Jointi ikiwa na uchafu mwingi nenda nusu ya kina kwanza, rudi mara ya pili mpaka mwisho.

Mashine nyingi za hivi bledi inashuka kwa mbele, meno ya chini yanakuja upande wako, kwa hiyo mashine inajivuta mbele yenyewe. Ukishusha kwa pupa au bledi ikikutana na kitu kigumu inapanda juu ya sakafu na kukimbia mbele. Ndiyo maana mtu hasimami mbele, na ndiyo maana wewe unakaa nyuma katikati ya vishikio, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, sio upande wa bledi. Vipande navyo vinarushwa kurudi nyuma, kazi ya gadi na kile kipande cha raba ni hiyo.

Tembea kwa hatua fupi. Kasi utaambiwa na sikio: injini ikishuka mlio umeenda haraka, punguza, usikandamize. Usizungushe mashine bledi ikiwa ndani, hata kidogo. Ukitoka kwenye mstari simama, inua, rudi nyuma, ingia upya.

Kwa kukata kavu, kila baada ya dakika chache inua bledi izunguke hewani ipoe. Ukiona cheche nyingi mfululizo simama, umefika kwenye chuma au bledi imekufa makali. Kwenye zile alama za kingo zilizomeguka punguza mwendo kabisa.

Bledi ikianza kung'aa na kusugua bila kukata, lile tofali la bloku ndiyo kazi yake: liweke chini mahali lisipoteleze, likandamize kwa vitu vizito na sio kwa mguu wa mtu, likate mara mbili tatu kwa kina kidogo. Mchanga wake unakwangua uso wa meno na almasi mpya zinatokeza. Ipapase baadaye ikiwa imezimwa na imepoa, utasikia ukwaruzo.

Badilishaneni mikono, mtetemo unachosha na aliyechoka anaanza kuegemea mashine.

Umefanikiwa kama: kuta zote mbili zina rangi ya kijivu mbichi njia nzima, unaona kokoto zilizokatwa, hakuna mstari mweusi wa fila ya zamani. Ukuta mmoja ukiwa bado mweusi, pita tena. Fila haishiki kwenye fila.

## Hatua ya 8: Kwenye ukuta na nguzo

Bledi ni ya duara na mashine ina mwili, haitafika mwisho wa jointi. Usigongeshe mashine ukutani kutafuta sentimita. Malizia kwa grainda yenye gadi na vakyumu, mikono miwili, au patasi kama ni kidogo.

## Hatua ya 9: Zima na ushughulikie tope

Inua bledi, punguza kasi, zima, subiri isimame kabisa ndipo uondoke kwenye vishikio.

Kama ulitumia maji, usiende kula. Lile tope likikauka ndani ya jointi linaacha utando mweupe ukutani, na fila itashika utando badala ya zege, halafu tunarudi kwenye picha za juu. Suuza kwa maji ya presha lingali bichi, kokota tope kwa skwiji (mpira wa kukokotea maji sakafuni), zoa kwenye ndoo. Lina alkali kali, linachoma ngozi polepole bila kulisikia, kwa hiyo glavu, na likiingia kwenye buti vua uoshe. Usilimwage kwenye mtaro wala mfereji, litaganda humo. Liache litulie kwenye pipa, maji yatapanda juu na tope ligande chini, utalitupa na kifusi.

Ulikata kavu, vuta jointi kwa vakyumu. Fagio na kompresa vinalirudisha vumbi lote hewani ulilohangaika kulizuia.

## Hatua ya 10: Kabla ya kujaza

Pitisha kitambaa cheupe kwa ncha ya bisibisi ukutani mwa jointi. Kikitoka na unga, vuta tena. Kikitoka na unyevu, subiri. Kiangazi huku inakauka upesi, ila kati ya Desemba na Aprili usikadirie kwa macho, sakafu ya juu inaonekana kavu na chini ya jointi bado kuna maji.

Sehemu zinazopita foklifti, jaza epoksi nusu ngumu au poliurea kina chote cha jointi, bila kamba ya povu chini, kwa sababu tairi likibonyeza fila inazama na kingo zinabaki wazi. Nje kwenye jua na kusikopita magurudumu magumu, poliuritheni juu ya kamba ya povu ni sawa.

Na kama sakafu ni mpya usikimbilie kuijaza. Zege linaendelea kusinyaa na jointi inazidi kutanuka, ukijaza mapema fila itaachana na ukuta hata kama umesafisha kwa kila kitu nilichoandika hapa. Mwenye ghala akikubana, mwombe siku 90 tangu zege limwagwe, na kwa muda huo foklifti zipite taratibu kwenye jointi.